Klachi, mafuta au kudundisha: njia ipi ya kunyanyua tairi la mbele inakufaa?

Kijiwe chochote cha bodaboda hapa Tanga, kuanzia Kange hadi Chumbageni, ukigusia habari ya kunyanyua tairi la mbele utapata majibu matatu. Wa kwanza atakuambia vuta mafuta kwa nguvu. Wa pili atasema siri iko kwenye klachi. Wa tatu atakuelekeza udundishe shokapu za mbele kwanza, halafu ndiyo ufungue mafuta. Hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja anaeleza kilichomfanyia kazi kwenye pikipiki aliyoizoea, na msikilizaji anaondoka kwenda kujaribu kwenye pikipiki ya aina nyingine kabisa. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Nazilinganisha njia hizi kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua moja ya kujifunzia, na kipimo changu ni kimoja: ni njia ipi inakuachia uwezo wa kuishusha pikipiki dakika yoyote unayotaka. Kunyanyua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Anayeumia ni yule ambaye tairi limepanda naye hajui la kufanya nalo.

Pikipiki yako kwanza

Tairi la mbele halipandi kwa sababu umevuta usukani. Linapanda pale tairi la nyuma linaposukuma kwa nguvu inayoshinda uzito uliolalia mbele. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: nguvu inayofika kwenye tairi la nyuma, kimo cha uzito wote kutoka ardhini, na uzito huo uko mbele kiasi gani ukipima kutoka tairi la nyuma. Pikipiki fupi iliyosimama juu, na mwendeshaji amekaa nyuma, hunyanyuka upesi. Iliyo ndefu na ya chini husumbua.

Sasa chukua Boxer ya 150, ambayo nusu ya vijiwe vya mjini inaijua kwa kila nati. Injini yake ina nguvu za farasi kama 12. Ukae peke yako katikati ya siti, uweke gia ya kwanza, ufungue mafuta hadi mwisho: itaondoka kwa kishindo, utausikia usukani umekuwa mwepesi, basi. Hata gia ya kwanza, ambayo ndiyo inayotoa msukumo mkubwa kuliko zote, haifikishi kwenye tairi nguvu ya kutosha kuinua mbele bila msaada. TVS HLX nazo zimo humo humo.

Linganisha na Yamaha MT-07. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 689, ina farasi zaidi ya 70, na uzito wake ni kama kilo 184. Kwa maneno mengine, nguvu ni karibu mara sita ya Boxer lakini uzito ni kama mara moja na nusu tu. Hiyo ukifungua mafuta gia ya kwanza kwa pupa, mbele kunapanda hata kama hukukusudia. Video nyingi za mafunzo zinazozunguka kwenye simu zimepigwa na watu wa pikipiki za namna hiyo. Kijana wa Majani Mapana anaitazama, anaenda kuvuta mafuta kwenye HLX yake, hainyanyuki, anahitimisha kuwa yeye ndiye mzembe. Kisha anaanza kuutingisha usukani na kujirusha nyuma, na sasa yuko kwenye hatari ambayo hata aliyetengeneza video hakuwa nayo.

Mafuta pekee

Kwa mwenye pikipiki kubwa, hii ndiyo njia yenye kazi chache za mikono. Uko gia ya kwanza, resi ya kati, unafunga mafuta kidogo ili shokapu za mbele zishuke, halafu unafungua haraka wakati zinarudi juu. Klachi huigusi kabisa, kwa hiyo sahani zake hazichakai kwa sababu hiyo, na cheni haipati kishindo kikali. Mtu mwenye mkono mtulivu akishaizoea, anaweza kuliinua tairi kwa kipimo kile kile kila mara.

Kasoro yake ni kwamba tairi linapanda ukiwa tayari kwenye kasi kubwa na injini iko pale penye nguvu zake zote. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo cha kuanguka inaongezeka mara nne, kwa hiyo tofauti ya kuanguka ukiwa kilomita 20 kwa saa na 40 kwa saa ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Na mkono ule ule wa kulia unaopandisha ndio unaotakiwa kushusha.

Angalia kinachotokea kwenye kiganja. Pikipiki inapopanda, mwili unarudi nyuma. Mwili ukirudi nyuma, mikono inanyooka na kushika usukani kwa nguvu ili isiachie. Kiganja cha kulia kikishikilia namna hiyo huku mwili unavuta nyuma, kinageuka chenyewe kuelekea upande wa kufungua mafuta. Dereva anataka kufunga, mkono unafungua. Wala si uoga wa mtu mmoja mmoja; mwili wa binadamu ndivyo unavyojishikilia unapohisi unaanguka. Ndiyo maana wanaotumia njia hii huweka kiganja kikiwa kimeinama chini tangu mwanzo, hubana tangi kwa magoti, na huachia mikono iwe milegevu. Bila mambo hayo matatu, njia ya mafuta pekee siipendekezi hata kwa mwenye pikipiki kubwa. Tena baadhi ya pikipiki mpya za ukubwa huo zina kompyuta inayokata nguvu tairi la mbele likianza kupanda. Ukiizima ili ujifunze, ujue umeondoa mlinzi wako.

Kudundisha

Njia hii haisimami peke yake. Unalalia usukani ili shokapu za mbele zibonyee, kisha unafungua mafuta wakati zinaporuka kurudi juu, na uzito wako unauhamishia nyuma kwa wakati huo huo. Nguvu ya springi inajumlishwa na nguvu ya injini. Kwenye pikipiki ndogo inasaidia, ila tairi linakuja juu sentimita chache na kurudi chini, na kila mara linafika kimo tofauti kwa sababu mdundo wako haufanani na wa kabla yake. Shokapu zikiwa zimechoka au oili yake imevuja, haisaidii kitu. Itumie kama kiungo cha kuongezea kwenye klachi, usiifanye kuwa njia yako.

Klachi

Kwa pikipiki za 125 na 150 hii ndiyo inayofanya kazi kweli, na sababu yake inafaa kueleweka. Ndani ya injini kuna vyuma vizito vinavyozunguka. Ukivuta klachi kidogo na kupandisha resi, vyuma hivyo vinaweka akiba ya nguvu. Ukiachia klachi kwa ghafla, akiba yote inamiminika kwenye tairi la nyuma kwa mkupuo, na kwa nusu sekunde tairi linapata msukumo ambao injini yenyewe isingeweza kuutoa. Hiyo nusu sekunde inatosha kuinua mbele. Baada ya hapo injini inaendelea na kazi kwa nguvu zake za kawaida.

Namna yenyewe iko hivi. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Umekaa nyuma kuelekea keria, mikono imelegea, magoti yamebana tangi. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, viko juu ya mkono wa klachi; vingine vimeshika usukani. Unavuta klachi kiasi tu cha kuachanisha, wala huifikishi kwenye mpini, na papo hapo unapandisha resi. Halafu unaachia vidole kwa mkato huku mkono wa kulia umetulia pale ulipo. Usiongeze mafuta baada ya kuachia. Wengi hukosea hapa: wanaachia klachi na kuvuta mafuta kwa pamoja, na nguvu mbili zinakutana juu ya tairi moja.

Faida kubwa ni kwamba tairi linapanda ukiwa kwenye kasi ndogo. Ukishindwa, unashuka kwa miguu au unaanguka karibu na ulipokuwa. Faida ya pili ni kipimo: resi kidogo, tairi linapanda shubiri moja, resi zaidi, linapanda zaidi. Na ukiona mambo yanaharibika, vidole vile vile vikivuta klachi, nguvu inakatika yote kwa mara moja, jambo ambalo mwenye mafuta pekee hana isipokuwa amezoea kuweka vidole pale.

Gharama yake iko gereji. Klachi ya pikipiki hizi ni sahani kadhaa zilizopangana ndani ya oili ile ile ya injini. Nimefungua klachi za vijana waliofanya mchezo huu kila jioni: zile sahani za chuma zimegeuka rangi ya bluu kwa joto, zenye kitambaa cha msuguano zimekuwa nyororo na zinang'aa, na oili iliyomwagwa inanuka kuungua. Pikipiki kama hiyo ukipanda nayo mlima inalia resi juu lakini mwendo hauongezeki. Kishindo kinafika pia kwenye cheni, kwenye sproketi na kwenye raba za habu ya nyuma. Kama pikipiki ni ya mkataba na tajiri anasubiri hesabu yake, huu si mchezo wa kuufanyia kwenye chombo hicho, maana anayekosa siku ya kazi wakati klachi inabadilishwa ni wewe.

Kutua nako kuna gharama. Tairi likishuka kwa kishindo, kipigo kinapokelewa na sili za shokapu, beringi za shingo ya usukani na spoku. Baada ya kila zoezi zungusha tairi la mbele na uzigonge spoku kwa spana ndogo. Iliyolegea inatoa sauti ya chini kuliko wenzake. Watoto waliokulia kwenye baiskeli hapa Tanga hawahitaji kufundishwa hilo.

Breki ya mguu

Haya ndiyo ambayo hayaonekani kwenye video, na ndiyo ninayoyapa uzito kuliko yote. Njia yoyote utakayochagua kati ya zile tatu, kinachokurudisha chini salama ni breki ya nyuma. Tairi la mbele likiwa juu, ukigusa breki ya nyuma unapunguza mwendo wa tairi la nyuma, mwili mzima wa pikipiki unaendelea kwenda mbele, na hivyo mbele kunainama. Inafanya kazi hata pale ambapo kufunga mafuta kumechelewa, hata pale pikipiki imeshasimama kupita kiasi na iko karibu kukulalia.

Kwa hiyo kabla ya kujaribu chochote, kagua breki hiyo. Boxer na HLX nyingi zina breki ya bakuli nyuma, inayokazwa kwa nati iliyo mwisho wa fimbo yake. Bonyeza pedeli kwa mkono: kama inazama sana kabla ya breki kushika, kaza nati hiyo, kisha zungusha tairi likiwa hewani uhakikishe halibani. Mguu wa kulia ukae na ncha ya kiatu juu ya pedeli muda wote. Ukiuweka kisigino kikiwa mbali, utakapouhitaji utakuwa unatafuta pedeli hewani.

Zoezi la kwanza halina kunyanyua hata kidogo. Tembea gia ya kwanza, mafuta kidogo, na ugonge breki ya mguu kwa wepesi, mara kwa mara, hadi mguu uifanye bila kuuambia. Kisha nyanyua shubiri moja tu na uishushe kwa breki, hata kama hakukuwa na haja ya kuishusha. Kila mnyanyuko uishe kwa breki. Mguu ukishazoea hivyo, siku tairi litakapokwenda juu kuliko ulivyotaka, utakanyaga kabla hujafikiri. Gusa tu, usikanyage kwa hasira; ukiifunga breki yote, tairi la mbele linapiga chini na rimu ndiyo inayolipa. Breki ya mbele usiiguse kabisa ukiwa juu, kwa sababu tairi likitua limesimama litateleza au litakurusha.

Asiyetaka kufanya zoezi hili, ushauri wangu ni kwamba asichague njia yoyote.

Kukaa au kusimama, gia ya kwanza au ya pili

Anayesimama juu ya vikanyagio anaona mbali, anahamisha uzito kwa magoti na nyonga, na uzito wake uko juu, kwa hiyo pikipiki inapanda kwa nguvu kidogo. Anayekaa yuko imara, anaisikia pikipiki kwa siti, na mguu wake unafika kwenye pedeli kwa urahisi. Wapo wanaoanza na mguu wa kushoto kwenye kikanyagio cha mbele na wa kulia kwenye cha abiria. Wanaonekana vizuri, ila mguu wa breki umeondoka mahali pake. Kaa. Ukishaweza kushusha kila mara unapotaka, hapo fikiria kusimama.

Gia ya pili kwenye pikipiki kubwa inapendwa kwa sababu inapanda kwa ulaini. Kwenye 150 haina msukumo wa kutosha, na kwa kulazimisha utaichoma klachi bure. Gia ya kwanza inafika mwisho wa resi haraka, na hilo kwa anayejifunza ni jema: haikupeleki mbali.

Halafu kuna pale ambapo pikipiki inatulia juu yenyewe, uzito umesimama sawasawa juu ya tairi la nyuma. Ukifika hapo huhitaji nguvu ya injini kuiweka juu, unahitaji mafuta kidogo kidogo na breki kidogo kidogo. Mwaka 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo alikwenda kilomita 331 kwa tairi la nyuma pekee, na pikipiki aliyotumia ilikuwa Honda TLM220R, ndogo na nyepesi, wala si dubwana la mashindano. Lakini pikipiki ya kawaida ya mtaani ikikaa kwenye mwinamo huo kwa muda, oili inakimbilia nyuma ya injini na pampu inaweza kunyonya hewa badala ya oili. Kwenye zenye kabureta, kiwango cha petroli ndani ya bakuli lake nacho kinahama na injini inaweza kukohoa ukiwa juu. Oili iwe imejaa hadi alama, na usikae juu muda mrefu kwa injini unayoitegemea kesho asubuhi.

Anza na baiskeli

Kama una baiskeli yenye breki ya nyuma inayoshika, na Tanga ni mji wa baiskeli, tumia wiki za mwanzo hapo. Utajifunza mahali chombo kinapotulia juu ya tairi la nyuma, utajifunza kuegemea kushoto na kulia kwa magoti, na utajifunza jambo lenye thamani kuliko yote, kwamba ukigusa breki ya nyuma, mbele kunashuka. Breki ya baiskeli iko mkononi na ya pikipiki iko mguuni, kwa hiyo zoezi la mguu bado utalifanya upya. Lakini kuanguka na baiskeli ya kilo 15 na kuanguka na pikipiki ya zaidi ya kilo 100 si jambo moja.

Mahali: kiwanja kipana, kikavu, kisicho na mawe wala mchanga juu, chenye mwenyewe aliyekuruhusu, na mwenzako mmoja amesimama pembeni na simu. Barabara ya Raskazone jioni watu wanatembea na watoto wao. Nje ya Mkwakwani siku Coastal Union inacheza kuna umati. Sehemu hizo, na barabara nyingine yoyote ya watu, zimefutika kwenye hesabu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inauhesabu uendeshaji wa hatari kuwa kosa, na mtembea kwa miguu hakukubali kuwa sehemu ya zoezi lako. Helmeti ifungwe mkanda, glovu, suruali nzito na viatu vinavyofunika vifundo. Kandambili hazina nafasi hapa.

Kwa hiyo, mwenye Boxer, HLX au nyingine ya 125 hadi 150: klachi, gia ya kwanza, umekaa, shubiri moja kwa muda mrefu kabla ya kufikiria mbili. Mwenye pikipiki ya 600 na kuendelea: mafuta pekee ni rahisi zaidi kwa mikono, lakini ningekuomba ujifunzie kwanza kwenye ndogo, kwa klachi, ili breki ya mguu iwe imekukaa kabla hujakutana na farasi 70.

Na yupo asiyetaka mchezo huu kabisa lakini tairi la mbele linamnyanyukia. Bodaboda aliyepakia magunia ya machungwa ya Muheza nyuma ya keria, au abiria wawili anaowapandisha Lushoto kutokea Soni, ameusogeza uzito wote nyuma ya tairi la nyuma au karibu nalo. Mlima unaongezea. Boxer ile ile isiyonyanyuka kwa mafuta pekee tambarare, hapo inanyanyuka kwa kuachia klachi vibaya tu. Huyu afanye kinyume cha yote niliyoeleza: mzigo aufunge mbele iwezekanavyo na chini, abiria akae karibu naye, yeye mwenyewe aegemee tangi, klachi aiachie polepole kwa resi ndogo, na akishaondoka abadili kwenda gia ya pili mapema. Usukani ukiwa mwepesi, afunge mafuta kidogo na aguse breki ya mguu. Asivute klachi yote akiwa mlimani, kwa sababu nguvu ikikatika na mzigo uko nyuma, pikipiki inarudi chini pamoja naye.